Siku nne za kutafuta sanaa ya leo Dar es Salaam: tathmini ya fundi fremu kutoka Iringa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza fremu za picha mjini Iringa, katika kibanda kisicho mbali na soko kuu, na kazi ninazoletewa hazibadiliki sana: picha za harusi, vyeti vya mahafali, picha ya marehemu iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha kura, na mara moja moja kalenda ya zamani ambayo mwenyewe hataki kuitupa. Siku moja mteja aliyehamishiwa huku kikazi aliniletea mchoro wa rangi ya akriliki kwenye kanvasi, yaani kitambaa kigumu cha kuchorea, akaniambia kwamba aliununua Dar es Salaam kwa msanii mwenyewe, tena akanisihi nisiupanguse kwa kitambaa kibichi. Nilipougeuza ili niupime niliona fremu ya ndani ya mbao za paina, pembe zake zimekatwa kwa nyuzi 45 na kuimarishwa kwa vipande vya pembetatu, kanvasi imevutwa sawasawa pande zote, na kwa penseli yameandikwa jina la msanii, mwaka na vipimo. Kwamba paina ile ilitoka msitu wa Sao Hill, Mufindi, sikuweza kuapa, lakini nimezoea mno harufu na mafundo ya mbao za huko kiasi kwamba moyo wangu haukukubali vinginevyo: ubao ulioshuka mlima Kitonga mtupu ulikuwa umepanda tena ukiwa na picha mgongoni. Ndipo nilipoamua kufunga kibanda kwa siku chache na kwenda kuona mambo hayo yanakofanyikia.

Ninachokitathmini hapa ni huduma, yaani namna jiji la Dar es Salaam linavyompokea mgeni wa mkoani ambaye hana rafiki msanii, Kiingereza chake ni cha kubahatisha, ana siku nne na fedha za kuhesabu, na anataka kujua wasanii wa leo ni akina nani na kazi zao zinaonekana wapi. Ubora wa wasanii wenyewe siupimi, kwa sababu hiyo si kazi ya fundi fremu, ingawa naona itanishinda kunyamaza kabisa.

Nianze na lililo dhaifu kuliko yote, ambalo ni taarifa. Maonyesho mengi ya sanaa jijini hutangazwa Instagram, mara nyingi siku chache tu kabla ya ufunguzi, kwa bango la Kiingereza lenye herufi nyembamba ambazo kwenye simu ya kawaida hazisomeki mpaka uzikuze. Tangazo linakuambia saa ya ufunguzi, linakuambia pia kwamba kutakuwa na vinywaji, lakini tarehe ya kufunga aghalabu haimo. Kwa mkazi wa Mikocheni hilo si tatizo, kwa sababu atapita jioni akitoka kazini. Kwa mtu anayesafiri kiasi cha kilomita 500 kutoka Iringa, tarehe ya kufunga ndiyo habari yenyewe. Onyesho la kwanza nililolifuata, katika ukumbi ambao sitautaja, lilikuwa limekwisha. Mlinzi alinifungulia geti, akanitazama begi, akasema, "Mzee, zile picha zimeondolewa juzi." Aliponionea huruma na kuniruhusu kuingia, nilikuta kuta nyeupe zenye matundu ya misumari, nami kwa mazoea ya kazi nikaanza kukisia palipotundikwa picha kubwa na palipotundikwa ndogo kwa kuangalia kama tundu ni moja au ni mawili. Hiyo ndiyo sanaa niliyoiona siku ya kwanza.

Somo nililolipata pale liliongoza siku zilizobaki, nami nalitoa kwa yeyote atakayetoka huku kwetu: usifuate onyesho, fuata karakana. Onyesho hudumu wiki chache na likiisha limekwisha, wakati karakana ipo mwaka mzima, na msanii aliyemo ndani yake atakueleza ana nini ukutani kwa mtu mwingine, lini na wapi, kwa uhakika kuliko bango lolote.

Karakana niliyoifuata siku ya pili ni Nafasi Art Space, iliyopo eneo la viwanda vidogo Mikocheni B, na kwa maoni yangu ndiyo mahali pa kwanza pa kumpeleka mgeni. Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2008, na sehemu kubwa yake ni makontena ya meli yaliyogeuzwa kuwa studio za wasanii, pamoja na ghala linalotumika kwa maonyesho na shughuli za jukwaani. Humo humo kuna pia Nafasi Academy, programu inayowafundisha wasanii vijana. Ukitoka Mwenge kwa bajaji hufiki mbali, ila mwambie dereva kabisa kwamba unakwenda kwenye viwanda, la sivyo atakushusha kwenye maduka. Siku niliyokwenda hakuna aliyenidai kiingilio wala kuniuliza nimetumwa na nani, jambo ambalo mtu mwenye vumbi la safari kwenye viatu hulithamini kuliko anavyoweza kulieleza.

Ubora wa mahali hapa uko kwenye milango. Kontena likiwa wazi, msanii yumo kazini na unaruhusiwa kuchungulia. Likiwa limefungwa, unapita. Nilisimama muda mrefu mbele ya binti mmoja aliyekuwa amepiga magoti juu ya kipande cha plaiwudi, akichonga kwa patasi ndogo yenye mpini wa umbo la uyoga, na kila alipochonga alipuliza unga wa mbao kwa mdomo. Alinipa shikamoo bila kuinua kichwa, nami nikaitika. Picha ilikuwa ya kituo cha daladala wakati wa mvua: miavuli, miguu, konda amening'inia mlangoni, na juu ya kioo cha mbele herufi zilizokaa ovyo, ambazo nilizisoma mara mbili bila kupata neno.

"Mwanangu, hizi herufi umezichonga kinyume."

"Zitageuka, baba. Subiri."

Nikasubiri. Alimimina wino mweusi mzito juu ya kioo, akauviringisha kwa rola mpaka ukaanza kutoa mlio kama wa mafuta yanayochemka kwa mbali, akaupaka ubao wote kwa kwenda na kurudi, halafu akalaza karatasi juu yake na kuanza kuisugua kwa mgongo wa kijiko cha kulia. Kijiko cha kawaida kabisa, cha bati, kilichopinda kidogo. Alisugua kwa duara ndogo ndogo kuanzia katikati kwenda pembeni, akirudia mahali penye miavuli, na baada ya kama robo saa akashika karatasi kwa pembe mbili na kuibandua polepole. Pale palipochongwa pakatoka peupe, palipoachwa pakatoka peusi, na juu ya kioo cha daladala herufi zikasimama wima: MBAGALA. Sijui ni lini mara ya mwisho nilishangaa kiasi kile mbele ya karatasi.

Akanieleza pia jambo ambalo nimekuwa nikiliona pembeni mwa picha za wateja bila kulielewa. Ile 3/15 inayoandikwa kwa penseli chini ya picha ya aina hii maana yake ni nakala ya tatu kati ya nakala kumi na tano, na msanii mwaminifu akishafikisha kumi na tano hachapi tena kutoka kwenye ubao ule. Kwa sababu hiyo picha ya kuchapwa huwa na bei nafuu kuliko mchoro wa kanvasi ambao upo mmoja tu duniani, na kwa mtu wa kipato changu hiyo ndiyo njia ya kuingilia. Nilinunua nakala kwa shilingi 70,000, naye akaifunga kwenye bomba la plastiki, lile la mafundi bomba, akaziba ncha zote mbili kwa gazeti. Jina lake silitaji kwa kuwa sikumwomba ruhusa ya kumwandika. Aliponiuliza ninakotoka nikamjibu Iringa, na kutoka kontena la jirani sauti ya kijana ikapaa kwa salamu ya Kihehe: "Kamwene!" Mama yake, alisema, ni wa Kilolo.

Sanaa hii ya kuchapa kwa mbao si ngeni kwa watu wa Nyanda za Juu. Tanzania iliposhiriki kwa mara ya kwanza maonyesho makubwa ya Venice nchini Italia, mwaka 2024, mmoja wa wasanii waliokuwa kwenye banda letu alikuwa Lute Mwakisopile, mchapaji anayejulikana hasa kwa kazi za kuchonga kwenye mbao, na jina hilo mtu yeyote wa Rungwe akilisikia hahitaji kuuliza asili yake. Pamoja naye walikuwapo Haji Chilonga, Happy Robert na Naby. Nilipowataja hao wanne kwa wateja wangu hapa Iringa hakuna aliyewahi kuwasikia, wala mimi sikuwa nimewasikia kabla ya safari, na sidhani kwamba kosa ni la wateja.

Siku ya tatu asubuhi nilikwenda Oysterbay kwa ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa Tunduru, mkoani Ruvuma, aliyezaliwa mwaka 1932, akaanza kuchora jijini mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia kilichokuwapo: vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya mafuta ile ile inayopakwa baiskeli. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, na hivyo miaka yake ya kuchora ilikuwa michache sana. Waliobaki, ambao wengi walikuwa jamaa na wanafunzi wake, ndio walioifanya kazi ya mtu mmoja kuwa mtindo wa taifa, wakauundia ushirika mwaka 1990. Ukiingia pale unapokewa kwanza na harufu ya rangi, kisha na chui. Chui ni wengi, na twiga ni wengi, na mtu mwenye haraka atasema kwamba picha zote ni moja. Nilikuwa karibu kusema hivyo nami, mpaka nilipokaa kwenye benchi karibu na mzee mmoja aliyekuwa akitia madoadoa mgongoni mwa kanga, yule ndege, kwa ncha ya brashi yenye nywele chache mno, kila doa duara kamili, bila kupumzisha mkono juu ya kitu chochote. Mkono usiotetemeka namna ile haununuliwi dukani. Ushauri wangu kwa mnunuzi ni mmoja: usichague mnyama, chagua mkono, na uliza nani amechora, kwa sababu sura moja huchorwa na watu wengi na wote hawalingani.

Mchana niliingia Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni, mtaa wa Shaaban Robert, ambako makundi ya wanafunzi huenda kutazama fuvu la zamadamu aitwaye Zinjanthropus. Mimi nilikuwa na sababu nyingine. Hapo ndipo Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, alipofanya onyesho lake la kwanza mwaka 1980. Baadaye aliishi Ulaya, na mwaka 2024 majumba ya sanaa ya taifa ya Uskoti, mjini Edinburgh, yalimwandalia onyesho kubwa la kazi za maisha yake. Nilizunguka kumbi nikiwaza kwamba mtu anaweza kuanzia katika jengo ambalo nalilipia kiingilio kama mwananchi, na miaka zaidi ya arobaini baadaye njia ya kumwona ikapitia viza.

Hali hiyo si yake peke yake, na ndiyo mipaka ya safari kama yangu. Sungi Mlengeya, aliyeacha kazi ya benki akachora wanawake weusi juu ya kanvasi nyeupe tupu, ni miongoni mwa wachoraji wetu wanaofahamika zaidi nje ya nchi, lakini jumba linalosimamia kazi zake, Afriart Gallery, liko Kampala. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huko Uingereza, mwaka 2017, ameingiza kanga na misemo yake katika michoro inayotundikwa London, na shangazi zetu wenye kanga hizo kabatini hawajapata habari. Anayekwenda Dar es Salaam akitarajia kuwakuta hao ukutani atarudi na manung'uniko. Anayekwenda kuwaona wanaochora leo kwenye makontena hatapungukiwa.

Jumba jingine nililoingia ni la binafsi, nalo nalificha jina kwa sababu nitalilalamikia. Kwanza haki yake: walijua kutundika. Kitovu cha kila picha kilikuwa kiasi cha sentimita 150 kutoka sakafuni, yaani usawa wa macho ya mtu mzima wa kawaida, taa zilielekezwa pembeni ili kioo kisimulike usoni, na nafasi kati ya picha na picha iliacha macho yapumue. Nimejifunza hapo mambo ambayo nimekwisha kuyatumia kibandani. Lakini vibao vya maelezo vyote vilikuwa vya Kiingereza, tena Kiingereza cha aina ambayo hata binti yangu aliye chuo kikuu, nilipompigia picha kibao kimoja na kumtumia, alinijibu baada ya dakika kumi kwamba ameelewa maneno lakini hajaelewa sentensi. Msanii alikuwa Mtanzania, jina la picha lilikuwa la Kiswahili, aliyechorwa alikuwa mama muuza vitumbua, na bado mama huyo mwenyewe angeingia pale asingeweza kusoma kilichoandikwa juu yake.

Kuhusu bei, hakukuwa na tarakimu popote. Nilipouliza niliambiwa kwa upole mkubwa kwamba orodha hutumwa kwa barua pepe kwa wanaoihitaji. Nikasema ninaihitaji. Nikaandikisha anwani, na hadi leo sijaletewa kitu. Najua kwamba majumba ya namna hii huchukua sehemu kubwa ya bei, mara nyingi hata nusu, ili yalipie kodi ya pango, taa, ufunguzi na kazi ya kumtafutia msanii wanunuzi, na sioni ubaya katika hilo. Hata mimi huongeza juu ya bei ya ubao. Ninachokikataa ni mnunuzi kupimwa kwa macho mlangoni kabla ya kuambiwa bei. Fundi fremu naye ana akiba.

Muda wangu ulipokaribia kuisha nilipita Upanga, ambako Alliance Française na Goethe-Institut, vituo vya utamaduni vya Ufaransa na Ujerumani, huandaa maonyesho ya wasanii wa hapa nchini mara kwa mara pamoja na filamu na muziki. Anayepanga safari apige simu kwanza, aulize tarehe ya kufunga, na aiandike.

Kwa wale watakaotoka Mbeya, ambako barabara ni zaidi ya kilomita 800, nasema wazi kwamba siku nne hazitoshi, kwa kuwa mbili zitaliwa na njia. Wa Iringa anaweza kuondoka alfajiri, apite vitunguu vya Ruaha Mbuyuni na nyani wa Mikumi, na jioni awe kituo cha mabasi cha Mbezi. Au ateremke Morogoro na kumalizia kwa treni ya umeme, ambayo tangu katikati ya mwaka 2024 imefupisha kipande hicho sana. Malazi ya Sinza au Mwenge yatakuweka karibu na Mikocheni na Oysterbay, na ukiwa Mwenge jioni upite kwa wachonga vinyago, ambao nao ni wasanii wa leo hata kama hakuna anayewaandikia vibao.

Niliporudi nilikwenda kulitazama upya Boma letu, jengo la Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni makumbusho ya mkoa, na nikajikuta nikipima kuta zake kwa macho. Kuta zipo, taa zinaweza kupatikana, na mbao za fremu hatuagizi mbali. Picha za kuchapwa za wasanii kumi hukaa kwenye bomba moja la plastiki ambalo basi lolote litalibeba chini ya kiti. Kama kuna ukumbi au msanii wa Dar es Salaam anayesoma haya na angependa kujaribu, fremu nitatengeneza mimi, na vibao viandikwe Kiswahili.

Nakala yangu ya daladala ya Mbagala imelala juu ya meza ya nyuma ya kibanda, imefunikwa kwa karatasi nyepesi. Binti aliyeichapa alinionya kwamba wino wa mafuta hukauka polepole, na kwa baridi yetu ya Iringa utachelewa zaidi, kwa hiyo nisikimbilie kuiwekea kioo. Nimekwisha kukata mninga wa fremu na kadi ngumu ya kuizunguka ili kioo kisigusane na karatasi. Kila asubuhi ninaigusa pembeni kwa kidole kimoja, penye mwavuli mweusi kuliko yote, na mpaka jana kidole kilikuwa bado kinatoka na alama.